Mguu umetoka malengelenge, upasuaji umeahirishwa: je, tumhamishe?

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikiisoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya majeruhi, nikisubiri muda wa jioni wa kuona wagonjwa, na ndani ya familia yetu hakuna anayekubaliana na mwenzake.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27 na ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Jumamosi iliyopita, majira ya saa mbili usiku, alikuwa akikwepa gari dogo lililochomoka kituo cha mafuta, pikipiki ikamlalia mguu wa kulia na kumburuta. Kichwa kilisalimika kwa sababu ya kofia ngumu, lakini eksirei ilionyesha kwamba amevunjika mifupa yote miwili karibu kabisa na kifundo cha mguu. Usiku uleule alinyooshwa mguu na kufungwa plasta nusu, ile inayopita nyuma ya mguu na kuzungushiwa bandeji, si hogo la kuzunguka mguu mzima, na tukaambiwa kwamba Jumanne atafanyiwa upasuaji wa kuwekewa vyuma.

Jumanne asubuhi alikuwa hajala tangu usiku, ameshavalishwa gauni la upasuaji, na sisi tumeshalipia vyuma. Daktari akafungua bandeji, akautazama mguu kwa muda, akasema upasuaji hautafanyika siku ile. Nilisogea nikaona mwenyewe. Upande wa ndani wa kifundo palikuwa na malengelenge matatu yenye maji meupe, kubwa kuliko yote likiwa kama nusu ya yai la kuku, na upande wa nje yalikuwapo mawili yenye damu nyeusi, ngozi yake imevutika na kung'aa kama mfuko wa nailoni. Mguu ulikuwa umevimba hata ile mifupa miwili inayotokeza kwenye kifundo haikuonekana. Tuliambiwa tu kwamba ngozi haijawa tayari na kwamba tusubiri, pengine wiki moja, pengine zaidi, kisha daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tangu hapo hatuna amani. Baba mkubwa, aliyekuja kutoka Kilosa, anashikilia kwamba hospitali imemuunguza mtoto kwa plasta, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kufungwa plasta ya mkono na anakumbuka jinsi ilivyopata moto. Anataka tumtoe tumpeleke kwa fundi wa mifupa kijijini kwake. Shangazi anasema yale maji ni sumu na lazima yatoke. Jumatano usiku, nilipotoka kwenda kununua chai, alichukua sindano ya kushonea, akaipitisha kwenye moto wa mshumaa, akatoboa lengelenge moja la maji na kulifunika kwa kipande cha khanga safi. Mgonjwa alisema amepata nafuu. Hatujamwambia muuguzi kwa sababu tunaogopa kufokewa.

Mwenyewe anasema maumivu yanavumilika akipewa dawa, na vidole anavichezesha. Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu: mara tatu kwa siku anachukua magongo na kusema anakwenda kupata hewa, lakini anakwenda nyuma ya wodi kuvuta sigara.

Naomba unisaidie, Mama. Je, huu ni uzembe wa hospitali? Malengelenge yaliyobaki tuyatoboe au tuyaache? Kukaa wiki nzima bila vyuma hakutafanya mfupa uunge vibaya? Na je, tumhamishe? Kila siku kitandani ni pesa, pikipiki yenyewe ni ya mkataba, na mwenye pikipiki ameshaanza kupiga simu.

Dada wa Majeruhi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kwa kuwa suala la sindano halikuweza kusubiri safu, nilikujibu kwa ujumbe mfupi usiku uleule nikikuomba umwambie muuguzi wa zamu kabla hujalala. Hapa narudia kwa kirefu, kwa sababu najua kwamba katika wodi nyingi za mifupa, usiku huu ninapoandika, yupo shangazi mwingine mwenye sindano na mshumaa na nia njema.

Maji yaliyomo ndani ya lengelenge ambalo halijapasuka si sumu, wala si usaha. Ni majimaji ya mwili yaliyovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, na yanapochukuliwa na kupimwa maabara huwa hayana vijidudu. Ile ngozi nyembamba iliyoyafunika ni bandeji ambayo hakuna duka linaloweza kukuuzia iliyo bora kuliko hiyo. Ukiitoboa, bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya kila mmoja wetu, hasa wale waitwao stafilokokasi, wanapata mlango wa kuingilia. Moto wa mshumaa unaacha masizi kwenye sindano bila kuhakikisha usafi wake, na hata kama sindano ingekuwa safi kabisa, ngozi iliyotobolewa haikusafishwa na mikono iliyoishika ilikuwa imetoka kushika mlango, ndoo na simu. Tena usisahau kwamba sentimita moja au mbili chini ya lengelenge hilo ndipo daktari anapotarajia kuweka vyuma. Bakteria wakishafika kwenye chuma hujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida sana, na wapo wagonjwa niliowauguza ambao walirudishwa chumba cha upasuaji mara mbili na mara tatu, na mwisho vyuma vikaondolewa kabla mfupa haujaunga.

Sisemi haya ili umchukie shangazi yako. Nafuu aliyoipata mgonjwa ni ya kweli, kwa sababu lengelenge lililojaa linavuta ngozi na kuuma, na likitolewa maji mvuto unapungua. Lakini jambo hilo likibidi kufanywa, linafanywa na wauguzi kwa vifaa vilivyotakaswa mpaka havina vijidudu, baada ya daktari kuamua. Lile lililokwisha kutobolewa litasafishwa na kufunikwa kwa shashi safi, pengine kwa krimu ya silva salfadiazini, ileile tunayoipaka kwenye majeraha ya moto, na litatazamwa kila siku kama linaanza kuwa jekundu pembeni, kutoa harufu au kutoa usaha. Na msiogope kufokewa. Nilifanya kazi katika wodi ya mifupa kwa zaidi ya miaka 20, na hakuna muuguzi wa wodi hiyo ambaye hajawahi kukuta lengelenge lililotobolewa na ndugu. Atanung'unika kidogo, kisha atakwenda kuchukua trei yake. Kinachotuumiza sisi ni kutoambiwa, kwa sababu anayesoma faili anaamini malengelenge yote ni mazima, na daktari anapanga siku ya upasuaji kwa imani hiyo.

Kuhusu yale manne yaliyobaki, jibu ni kwamba yaachwe. Utasikia kwamba hospitali moja huyaacha yapasuke au yanywee yenyewe, na nyingine huondoa ngozi ya juu na kupaka dawa, na huenda ukadhani mmoja wao amekosea. Hapana. Madaktari wenyewe hawajakubaliana juu ya njia iliyo bora. Mwaka 1995 madaktari Giordano na Koval wa New York walichapisha utafiti wa visa 53 vya malengelenge haya vilivyotibiwa kwa njia mbalimbali, na hawakuona tofauti ya maana kati ya njia moja na nyingine. Wanachokubaliana wote ni kwamba kazi hiyo si ya sindano ya kushonea.

Sasa nije kwa baba mkubwa, kwa sababu hoja yake ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa. Plasta ikichanganywa na maji hupata joto inapokuwa inakauka, na ikiwa imewekwa tabaka nyingi mno, au imeloweshwa kwenye maji ya moto, au mguu umelazwa juu ya mto kabla haijapoa, inaweza kweli kuunguza ngozi. Lakini kuungua kwa namna hiyo kuna dalili zake. Mgonjwa hulalamika wakati uleule plasta inapopata moto, ndani ya nusu saa ya kwanza hivi, na jeraha hutokea pale plasta ilipogusa. Umeniambia kwamba mdogo wako amefungwa plasta nusu inayopita nyuma ya mguu, na kwamba malengelenge yako upande wa ndani na upande wa nje wa kifundo, mahali ambapo palikuwa na pamba na bandeji tu. Hukusema kwamba alilia kwa joto usiku ule wa Jumamosi. Kwa maelezo hayo, ninachokiona si plasta bali ni kuvunjika kwenyewe.

Malengelenge haya yanajulikana na yana historia yake katika tiba ya mifupa. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993, yalionekana kwa takriban wagonjwa 3 katika kila 100 waliolazwa kwa sababu ya kuvunjika mfupa, na kwa zaidi kidogo, kama 5 katika 100, pale ambapo mfupa uliovunjika uko kwenye sehemu zenye ngozi iliyokaribiana na mfupa. Hutokea mapema kama saa 6 baada ya ajali, mara nyingi katika siku ya kwanza au ya pili, na ni nadra kuanza baada ya siku ya tatu. Mdogo wako aliumia Jumamosi usiku na malengelenge yakaonekana Jumanne asubuhi bandeji ilipofunguliwa, yaani huenda yalikuwa yameshatoka tangu Jumapili au Jumatatu.

Kwa nini kwenye kifundo? Shika paja lako, kisha shika ule mfupa unaotokeza upande wa ndani wa kifundo chako. Kwenye paja kuna nyama nene kati ya ngozi na mfupa, na ngozi ina nafasi ya kusogea na kutanuka. Kwenye kifundo ngozi imelala moja kwa moja juu ya mfupa kama shuka lililotandikwa juu ya ubao, na hali ni hiyohiyo sehemu ya chini ya muundi, kwenye kisigino na kwenye kiwiko. Mfupa ulipovunjika ulisogea kwa nguvu na kuivuta ngozi kwa ndani, na tabaka la juu la ngozi likaanza kuachana na tabaka la chini. Kisha uvimbe ukaja. Maji yakavuja kutoka kwenye mishipa, yakajaa mahali pasipo na nafasi, yakabana mishipa inayorudisha damu moyoni, na ngozi ikakosa hewa ya kutosha kutoka kwenye damu. Maji hayo yakatafuta pa kwenda, yakaingia katikati ya matabaka mawili yaliyokuwa yameshaanza kuachana, na hapo lengelenge likainuka. Ukilitazama kwa darubini, linafanana na lile la mtu aliyeungua moto kiasi cha kutoka malengelenge, na ndiyo maana simshangai baba mkubwa kwa kuona kitu kilichoungua.

Uliona vizuri ulipotofautisha yenye maji na yenye damu, na ninatamani kila anayeuguza angekuwa na jicho kama lako. Katika lengelenge la maji, matabaka yameachana lakini chembe kadhaa za ngozi ya juu zimebaki chini, na kutokana na chembe hizo ngozi mpya huota upesi zaidi. Katika lengelenge la damu matabaka yameachana kabisa, mishipa midogo ya tabaka la chini imepasuka, na ngozi mpya inalazimika kuanza kuota kutoka pembeni. La maji huchukua yapata siku 12 kufunikwa na ngozi mpya, na la damu yapata siku 16. Kwa hiyo daktari aliyesema "pengine wiki moja, pengine zaidi" hakuwa akikukwepa, ila alipaswa kukueleza sababu, na kwamba hakukueleza ni kosa. Wodi inapokuwa na majeruhi wengi kuliko vitanda, maelezo ndiyo ya kwanza kukatwa, na ndugu wakiachwa bila maelezo hujitafutia wenyewe.

Sababu yenyewe ni hii. Ili kuweka vyuma kwenye kifundo, daktari hukata ngozi upande wa nje na mara nyingi upande wa ndani pia, yaani palepale penye malengelenge. Akikata ngozi iliyovimba na kuachana matabaka, kwanza hataweza kuifunga vizuri kwa nyuzi, kwa sababu ngozi iliyovutika hairudi pamoja. Pili, kingo za kidonda zinaweza kufa na kuwa nyeusi. Na tatu, chuma kinaweza kubaki wazi. Nimewahi kubadilisha bandeji ya mguu ambao katikati ya kidonda chake ungeweza kuona chuma kiking'aa, na tangu siku hiyo sijawahi kumlaumu daktari anayefungua bandeji, akaangalia, na kusema leo hapana. Kuifuta kazi ambayo mgonjwa ameshafunga kula na ndugu wameshalipia si jambo rahisi kwa daktari yeyote, na anayelifanya anajua anachokiogopa.

Ukiwepo wakati daktari anapopita wodini, tazama anavyofanya. Ataishika ngozi ya kifundo kwa vidole viwili na kuibana taratibu, au ataikunja nyayo juu kidogo huku akiangalia ngozi. Anatafuta mikunjo midogomidogo, kama ile iliyo juu ya viungo vya vidole vyako unapovinyoosha. Mguu uliovimba hauna mikunjo, unang'aa tu. Siku mikunjo itakaporudi na malengelenge yakawa yamenywea au yamekauka, hapo ndipo atakapopanga tena tarehe. Kwa wengi huchukua siku 7 hadi 14, na pale penye damu inaweza kuzidi kidogo.

Kuhusu hofu yako kwamba mfupa utaunga vibaya, mfupa hauungi kwa wiki moja wala mbili. Ndani ya wiki mbili hadi tatu za mwanzo daktari bado anaweza kuvirudisha vipande mahali pake. Baada ya hapo kazi huwa ngumu zaidi kwa sababu mwili unakuwa umeanza kujaza kati ya vipande. Plasta nusu ipo kwa kazi hiyohiyo, kuvishikilia vipande visitembee na kuendelea kuikwaruza ngozi kwa ndani. Iwapo kifundo hakitulii ndani ya plasta, au iwapo ngozi inahitaji kutazamwa kila siku, daktari anaweza kuamua kumwekea vyuma vya nje, zile fimbo zinazoshikiliwa na misumari iliyopita kwenye mfupa mbali na malengelenge, kisha vyuma vya ndani vikaja baadaye. Mkiliona hilo likitokea msidhani hali imeharibika.

Lakini kungoja huku kuna kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwenu. Mguu uinuliwe juu ya mito hadi kifundo kiwe juu kuliko moyo, mchana na usiku, na mito iwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kibaki hewani. Kisigino kilicholala juu ya mto au ubao wa plasta kwa siku kumi kinaweza kutoka kidonda kingine kabisa, na kidonda cha kisigino kina ukaidi wake. Asichuliwe mguu huo kwa dawa yoyote ya kuchua, asikandwe kwa maji ya moto, na wala asipakwe asali, dawa ya meno, majani wala grisi, vitu ambavyo nimevikuta vyote kwa miaka tofauti chini ya bandeji. Anywe maji ya kutosha, acheze vidole mara nyingi, na mguu wa kushoto, ule usioumia, aufanyie mazoezi yake, kwa sababu kulala siku nyingi na mguu uliofungwa kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa. Muulizeni daktari kama anahitaji sindano ya kuzuia hilo. Muulizeni pia kama amepimwa sukari na shinikizo la damu, kwa kuwa kijana wa miaka 27 anaweza kuwa na kisukari bila kujua, na ngozi ya mwenye sukari ya juu hupona polepole.

Ile siri yako ya sigara inabidi itoke. Mara tatu kwa siku anaposhuka kitandani na kutembea kwa magongo mpaka nyuma ya wodi, mguu unaning'inia, damu na maji vinashuka, na uvimbe uliopungua usiku kucha unarudi ndani ya dakika chache. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni sigara yenyewe, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ileile ambayo ngozi yake inaitegemea sasa ili kuota upya, na baadaye mfupa utaitegemea ili kuunga. Usimwambie kwa kumtisha. Mwambie kwamba kila sigara inaisogeza mbele tarehe ya upasuaji, na kwamba tarehe ikisogea, siku ya kurudi barabarani nayo inasogea. Dereva wa bodaboda anaelewa hesabu hiyo haraka kuliko mawaidha.

Sasa soma sehemu hii mara mbili. Umesema maumivu yanavumilika na vidole vinacheza, na hilo limenifurahisha sana, kwa sababu kuna hatari moja ambayo haiwezi kungoja asubuhi. Misuli iliyo chini ya goti imefungwa ndani ya vyumba vinne vyenye kuta ngumu zisizotanuka. Uvimbe ukizidi ndani ya chumba kimojawapo, damu hushindwa kuingia, na misuli na mishipa ya fahamu huanza kufa ndani ya saa chache. Malengelenge peke yake hayana maana kwamba hilo limetokea, lakini yanatuambia kwamba uvimbe umekuwa mkubwa, na kwa hiyo macho yawe wazi. Akianza kulia kwa maumivu yasiyolingana na alivyokuwa jana na yasiyotulia hata akipewa dawa; ukimkunja kidole gumba cha mguu taratibu kwenda juu na chini naye akapiga kelele; shavu la mguu likawa gumu kama ubao; vidole vikawa na ganzi, vikapauka au vikawa baridi kuliko vya mguu wa kushoto; mwiteni muuguzi wakati huohuo, awe amelala au anakula, na mwambieni neno kwa neno mlichokiona. Hapo mguu hauinuliwi tena juu kuliko moyo, bandeji zote zinafunguliwa na wahudumu mpaka kwenye ngozi, na daktari anaitwa usiku huohuo.

Nikifika kwa fundi wa mifupa, nasema kwa heshima, kwa sababu nimetoka kwenye ukoo uliokuwa na mmoja, na najua wapo wenye mikono mizuri kwa mfupa uliovunjika bila kuhama. Huu wa mdogo wako si wa namna hiyo. Umevunjika pande mbili karibu na kiungo, ngozi imeachana matabaka, na uvimbe bado upo. Ukifungwa leo kwa vijiti na kamba kwa kukazwa, kamba hazitatanuka pamoja na uvimbe, na nilichokieleza kuhusu vyumba vya misuli kitatokea kijijini, mbali na chumba cha upasuaji. Miguu iliyokatwa ambayo niliiona katika kazi yangu, sehemu yake ilifika kwetu ikiwa na alama za kamba. Tena kumhamisha kwa gari kwenye barabara ya vumbi huku mifupa ikigongana ndani ni kuanza ajali upya. Kama mna wasiwasi na hospitali mliyopo, ombeni maoni ya daktari mwingine wa mifupa au barua ya rufaa kwenda hospitali ya juu yake, na mgonjwa asafirishwe akiwa na plasta yake, faili lake na eksirei zake.

Kuhusu fedha nina machache. Vyuma mlivyolipia havipotei. Ulizeni ofisi ya malipo namna vilivyoandikwa, na hifadhini risiti. Muulizeni daktari kama uvimbe ukishaanza kupungua mgonjwa anaweza kusubiri nyumbani na kurudi siku za kutazamwa, jambo ambalo hospitali kadhaa hulikubali kwa mtu anayekaa karibu na hospitali na aliye na mtu wa kumwangalia. Hakikisheni fomu ya polisi ya PF3 ipo na nakala yake mnayo, kwa kuwa bila hiyo dai lolote la bima dhidi ya mwenye gari litakuwa gumu. Na mwenye pikipiki mpelekeeni barua ya daktari inayoonyesha tarehe ya ajali na muda wa matibabu. Mtu mwenye mkataba hutulia akiona karatasi kuliko akisikia maneno ya simu.

Nimefikiri pia juu ya baba mkubwa. Ametoka Kilosa kwa ajili ya mtoto huyu na anaona kila mtu ana kazi isipokuwa yeye. Kesho asubuhi daktari akipita, mwache yeye ndiye asimame karibu na kitanda, na aombe aonyeshwe eksirei na aelezwe vyuma vitakaa wapi na ngozi itakatwa wapi. Akiona kwamba mkato unapita katikati ya lengelenge la damu, nadhani ataelewa bila mimi. Kisha mpe zamu ya usiku. Kila baada ya saa mbili aguse vidole vya miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono wake na kulinganisha joto, amwambie kijana avichezeshe, aangalie kama kisigino bado kiko hewani, na aandike saa kwenye daftari ili muuguzi wa asubuhi alikute.